Édouard Empain, baba wa reli ya Lukuga

Mimi ni mtoto wa Misisi, huko Fizi, ambako hakuna reli. Mizigo yetu inapita barabarani kwa lori, na mvua ikinyesha inalala njiani. Babu mzaa mama ndiye aliyekuwa mtu wa reli: alitia kuni kwenye injini kati ya Kalemie na Kabalo. Alifariki kabla sijamuuliza mengi. Nilipoanza kutafuta habari za kazi yake, nilikutana na jina la mwingine: Édouard Empain.

Empain alizaliwa Belœil, Ubelgiji, mwaka 1852, mtoto wa mwalimu. Alianza kama mchoraji wa mitambo katika kampuni ya vyuma, kisha akaingia katika biashara ya reli ndogo na tramu. Mwaka 1881 alifungua benki yake mwenyewe. Kampuni zake ndizo zilizoendesha Metro ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900, na baadaye akajenga mji wa Heliopolis jangwani, kando ya Cairo. Mwaka 1907 mfalme Leopold II alimpa cheo cha baroni.

Kwetu alifika kwa njia ya mkataba. Mwaka 1902 aliunda kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL. Serikali iliwahakikishia wenye hisa riba ya asilimia 4, ikaipa kampuni hekta milioni 4 za ardhi pamoja na haki ya madini. Reli ya kwanza, ya Kisangani hadi Ubundu, ilimalizika mwaka 1906. Ile ya Kabalo, inayofuata bonde la mto Lukuga kupitia Nyunzu na Niemba, ilifika ziwani Tanganyika mwaka 1915, wakati wa vita. Mwaka huohuo ilibeba mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokwenda kupigana na meli za Wajerumani.

Mwaka 1923 CFL ilizaa kampuni ya madini, MGL, iliyochimba dhahabu Kivu na Maniema. Ndipo nilipoelewa kwamba reli haikufika Misisi, lakini mkono wake uliifikia dhahabu ya jimbo letu.

Empain alifariki mwaka 1929, akazikwa Heliopolis ndani ya kanisa kubwa alilolijenga. Kaburi lake linajulikana. Waliobeba mataruma na kupasua mawe, wengi wao kwa kulazimishwa, makaburi yao hayajulikani.

Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Natamani stesheni na karakana za bonde la Lukuga nazo zihifadhiwe, na siku moja treni ya zamani ibebe wageni hadi ziwani. Lakini kibao cha mlangoni kikiwa na jina la baroni peke yake, tutakuwa tumehifadhi nusu ya habari. Sisi wa kitivo cha lugha tuna kazi hapo: kwenda Kalemie, Nyunzu na Kabalo kuwarekodi wazee wa reli waliobaki, majina yao, ya wenzao na maneno ya kazi yao. Habari za Empain zimo vitabuni, zinaweza kusubiri. Wazee hawasubiri, wangu hakunisubiri.