Muhammad Ankoni: Msaliti wa Kilwa au mwaminifu kwa mfalme aliyeuawa?

Na Mwandishi Wetu

WANAOVUKA kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa na kuta za Gereza zilizosimama karibu na maji. Sehemu kubwa ya jengo hilo ni kazi ya Waarabu wa Omani wa takriban mwaka 1800, lakini limesimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Chini ya ulinzi wa ngome hiyo ya kwanza alitawala, kwa muda mfupi, mtu ambaye hukumu yake haijakamilika hadi leo: Muhammad Ankoni.

Alikuwa ofisa mkubwa wa dola ya Kilwa. Adui alipouteka mji, alikubali kuvishwa taji na adui huyo. Kwa maneno hayo machache hukumu ni rahisi: ni msaliti. Lakini maisha yake yanaleta swali gumu zaidi. Je, ofisa anafungwa na utii kwa mtawala aliyekipata kiti kwa kumwaga damu ya mfalme halali?

Amiri na mweka hazina

Ankoni hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16 inamtaja Haji Muhammad Rukn al-Din al-Dabuli, ambaye wanahistoria humtambua kuwa ndiye Ankoni wa maandishi ya Wareno. Jina la al-Dabuli linaashiria asili ya Dabhol, bandari ya magharibi ya India. Alipanda ngazi hadi akakabidhiwa hazina ya mji uliokuwa umetajirika kwa dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 15 kiti cha Kilwa kilikuwa kimedhoofika. Waliokuwa na nguvu hasa walikuwa maamiri, yaani wakuu wa majeshi, huku masultani wakibaki na jina tu. Sultani al-Fudail, ambaye kwa masimulizi ya Wareno alikuwa rafiki wa Ankoni, aliondolewa na Amiri Ibrahim bin Sulaiman. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, anasema kuwa sultani huyo aliuawa.

Hapo ndipo mizani inapoanza kuyumba. Mwanajeshi wa kwanza kuvunja kiapo katika kisa hiki ni amiri mwenyewe. Ankoni alibaki akimtumikia mtu ambaye mikono yake, machoni pake, ilikuwa na damu ya rafiki.

Rehani iliyotelekezwa

Mwaka 1500 merikebu za Pedro Álvares Cabral zilitia nanga Kilwa, na mazungumzo na Ibrahim hayakuzaa matunda. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu nyingi zaidi, akatishia kuupiga mji kwa mizinga, na kudai kodi ya dhahabu kila mwaka.

Masimulizi ya Wareno yanaeleza kuwa Ibrahim alimtoa Ankoni awe rehani hadi kodi ilipwe, kisha hakuonyesha haraka ya kumkomboa. Inasemekana alitumaini kuwa Wareno wangemwondolea mpinzani wake. Ankoni alilazimika kujikomboa kwa mali yake mwenyewe. Dhahabu ya Kilwa iliyopelekwa Lisbon ilitumika kutengeneza chombo maarufu cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachohifadhiwa katika mji huo hadi leo.

Ofisa aliyetelekezwa mikononi mwa adui na serikali yake ana sababu ya kuona kuwa mkataba wa utii umevunjwa na bwana wake kwanza. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa.

Taji lililokuwa la mwingine

Julai 24, 1505, Francisco de Almeida aliteremsha askari wapatao 500 alfajiri. Ibrahim alikimbilia bara na mji ukatekwa bila upinzani mkubwa, kisha ukaporwa. Haukuanguka kwa hila ya Ankoni. Ulianguka kwa nguvu ya silaha. Baada ya hapo Almeida alimwita na kumtawaza, akitumia taji la dhahabu lililokusudiwa kupelekewa mfalme wa Cochin, India.

Jambo alilolifanya baadaye ndilo linalowashangaza wengi. Ankoni alikuwa na watoto wa kiume, lakini aliomba mrithi wake awe mwana wa marehemu al-Fudail, anayetajwa na Wareno kwa jina la Micante. Mwenye uchu wa madaraka tu asingeomba hivyo. Inaelekea alijiona mlinzi wa kiti, akikishikilia hadi kirudi kwa wenyewe.

Waswahili husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Huenda Ankoni alijiambia hivyo. Hata hivyo, kubusu mkono ni jambo moja, na kuupokea mkufu unaotolewa na mkono huo ni jambo jingine. Wareno walijenga ngome yao, wakaweka kikosi, na mwaka uleule wakajenga nyingine Sofala na kuwabana wafanyabiashara wa Kiislamu waliotegemea dhahabu. Wengi waliihama Kilwa. Mfalme aliyetawazwa na wageni hakuwa na uwezo wa kuwazuia wageni hao wasiukaushe mji wake.

Mwisho wa kusikitisha

Mwaka 1506 Ankoni alialikwa na mtawala wa Tirendiconde, mji wa jirani, aliyekuwa jamaa wa Ibrahim. Alikwenda kwa kuamini urafiki, akauawa akiwa usingizini. Kifo chake kilizua ugomvi wa urithi kati ya mwanawe, Haji Hassan, na Micante. Wareno waliwapandisha na kuwashusha kwa zamu, hadi walipoihama ngome mwaka 1512. Ibrahim akarudi katika kiti chake.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kabla ya kutoa hukumu. Kwanza, sehemu kubwa ya habari za Ankoni imeandikwa na waliomtumia, nao walikuwa na sababu ya kumpamba yeye na kumpaka matope Ibrahim. Pili, Kilwa ilikuja kumwona msaliti wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1587, kwa mujibu wa mtawa wa Kireno João dos Santos, mkazi mmoja aliwaonyesha Wazimba njia ya kuvuka maji yakiwa yamekupwa, kwa ahadi kwamba jamaa zake wasidhurike. Watu wapatao 3,000 waliangamia. Kiongozi wa Wazimba aliamuru mtu huyo na jamaa zake watoswe baharini, kwa kuwa aliyewauza watu wake hastahili kuishi.

Ankoni hakuwa mtu wa namna hiyo. Hakuuza mji ili kuinusuru nyumba yake, na ombi lake la urithi linathibitisha kuwa uaminifu wake kwa al-Fudail ulikuwa wa kweli. Kumkana Ibrahim kunaweza kutetewa, kwani mnyang'anyi hawezi kudai utii wa aliyemnyang'anya rafiki, tena akamtupa rehani.

Kisichoteteleka ni kiti alichokikubali. Deni la Ibrahim lilikuwa kati yake na Ankoni pamoja na ukoo wa al-Fudail, lakini waliolilipa ni wafanyabiashara, mabaharia na mafundi wa Kilwa ambao hakuna aliyewauliza. Anayeihama serikali dhalimu ana haki ya kuondoka na hata kuipinga. Haki hiyo haimpi ruhusa ya kuuweka mji mzima rehani, kama yeye mwenyewe alivyowahi kuwekwa.