Glenn Miller: Meja aliyepeleka fidla vitani

Alasiri ya Desemba 15, 1944, ndege ndogo aina ya Norseman iliruka kutoka uwanja wa Twinwood Farm, karibu na mji wa Bedford nchini Uingereza, ikielekea Ufaransa. Ukungu ulikuwa umetanda na baridi ilikuwa kali. Ndani yake walikuwamo watu watatu: rubani John Morgan, Luteni Kanali Norman Baessell na Meja Glenn Miller, kiongozi wa bendi aliyejulikana kote duniani. Ndege hiyo haikufika ilikokuwa ikienda, na mabaki yake hayajapatikana hadi leo.

Miller alikuwa na umri wa miaka 40. Hakuwa amelazimishwa kwenda vitani. Alikwenda kwa hiari yake, akaacha nyuma utajiri, mke na mtoto, ili awapigie muziki askari ambao hawakutozwa hata senti moja kuusikiliza.

Alton Glenn Miller alizaliwa Machi 1, 1904, katika mji mdogo wa Clarinda, jimbo la Iowa, Marekani. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali, na familia ilihamahama kutafuta riziki katika majimbo ya Nebraska, Missouri na hatimaye Colorado. Akiwa mvulana, alikama ng'ombe ili apate fedha za kununua tromboni yake ya kwanza. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Colorado, lakini muziki ulimvuta kuliko vitabu, akayaacha masomo kabla ya kuhitimu.

Njia ya kuelekea kwenye sifa haikuwa nyororo. Alipiga tromboni katika bendi za watu wengine, ikiwamo ile ya Ben Pollack, na mnamo 1928 akamwoa Helen Burger, msichana aliyefahamiana naye chuoni. Bendi yake mwenyewe ya kwanza, aliyoiunda 1937, ilisambaratika baada ya muda mfupi kwa kukosa mapato. Miller hakukata tamaa. Mwaka uliofuata aliunda bendi ya pili, akabuni mlio wake wa kipekee kwa kuiacha klarineti iongoze saksafoni.

Mbinu hiyo ilimfungulia milango. Kufikia 1939 jina lake lilikuwa midomoni mwa vijana wote wa Marekani. Santuri ya wimbo wake Chattanooga Choo Choo iliuzwa kwa wingi mno hivi kwamba Februari 10, 1942, kampuni iliyoitoa ilimtunukia nakala iliyopakwa rangi ya dhahabu baada ya mauzo kupita milioni moja. Huo ndio mwanzo wa desturi ya santuri za dhahabu inayojulikana hadi leo.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Miller, akiwa na miaka 38, alikuwa amepita umri wa vijana waliokuwa wakiandikishwa kwanza. Angeweza kubaki nyumbani akivuna fedha. Badala yake aliomba kujiunga na jeshi la majini, akakataliwa. Hakuishia hapo. Aliliandikia jeshi la nchi kavu, akikusudia kuufanya muziki wa kijeshi uwe wa kisasa zaidi, na ombi lake likakubaliwa. Septemba 1942 aliivunja bendi yake ikiwa kileleni mwa mafanikio, na mwezi uliofuata akavaa sare akiwa na cheo cha kapteni.

Baadaye alihamishiwa kikosi cha anga, na mnamo 1943 akaweka makao katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, ambako makurutu wa kikosi hicho walikuwa wakifunzwa. Hapo ndipo alipotimiza ndoto aliyokuwa nayo kwa muda mrefu. Aliwakusanya wapigaji wa jazi waliokuwa jeshini, kisha akawaongezea takriban wanamuziki 20 wa ala za nyuzi: fidla, viola na selo. Wengi wao walikuwa wametoka katika okestra kubwa za muziki wa kale wa Ulaya, na sasa waliketi bega kwa bega na wapigaji wa tarumbeta wa kumbi za dansi.

Si wote waliofurahia. Miller alipozipa nyimbo za gwaride mdundo wa jazi, baadhi ya maafisa wa kale walihisi kuwa heshima ya jeshi ilikuwa ikichezewa. Kwao, gwaride lilipasa kubaki kama lilivyokuwa katika vita vilivyotangulia. Lakini makurutu waliokuwa wakipiga hatua kwa muziki huo waliupenda, na bendi ikaendelea.

Katika kiangazi cha 1944, muda mfupi baada ya majeshi ya Muungano kutua Normandy, Miller na kikosi chake walipelekwa Uingereza. London ilikuwa ikishambuliwa kwa makombora ya Wajerumani, naye akahofia usalama wa watu wake. Alishikilia wahamishiwe Bedford, nao wakaondoka mapema Julai. Siku moja tu baadaye, kombora lilianguka karibu na makazi waliyokuwa wameyaacha na kuua watu wengi. Hakuna mwanamuziki wake aliyekuwamo.

Kutoka Bedford, bendi ilizunguka katika viwanja vya ndege za kivita. Jukwaa lilikuwa ndani ya banda la ndege au kando ya barabara ya kurukia. Waliosikiliza walikuwa maelfu ya vijana, wengine wakiwa wamepanda juu ya mabawa ya ndege ili waone vizuri. Wengi wao wangepaa tena kuelekea Ujerumani, na si wote ambao wangerudi. Kwa saa moja au mbili, fidla na tarumbeta ziliwarudisha nyumbani.

Redioni, kikosi kiligawanywa katika makundi madogo yenye vipindi tofauti. Wapigaji wa ala za nyuzi, wakiongozwa na George Ockner, walipewa kipindi chao kilichoitwa Strings with Wings, jina lenye maana ya nyuzi zenye mabawa. Hata hivyo, palizuka mvutano na wakuu wa utangazaji wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC. Hao walilalamika kuwa sehemu za muziki zilizopigwa kwa sauti ya chini hazikusikika vyema katika redio dhaifu za askari. Miller hakutaka kuufuta upole wa fidla zake.

Muziki wake ulifanywa pia kuwa silaha. Mwishoni mwa 1944 alirekodi vipindi mjini London vilivyolengwa kwa askari wa Ujerumani, akijikakamua kutamka maneno ya Kijerumani mwenyewe.

Agosti mwaka huo alipandishwa cheo kuwa meja. Paris ilipokombolewa, aliazimia kuipeleka bendi huko, naye akatangulia kufanya matayarisho. Hiyo ndiyo safari ambayo hakuimaliza. Wanamuziki wake waliwasili Paris siku chache baadaye na kumkosa. Habari za kutoweka kwake zilitangazwa rasmi Desemba 24. Siku ya Krismasi bendi ilipiga muziki kama ilivyopangwa, Jerry Gray akishika nafasi ya kiongozi wake.

Bendi hiyo iliendelea kuwatumbuiza askari barani Ulaya hadi baada ya vita kumalizika, ndipo ikarejea Marekani. Mnamo 1945 Helen alikabidhiwa nishani ya Bronze Star kwa niaba ya mumewe. Jina la Miller limechongwa katika ukuta wa waliopotea kwenye makaburi ya Wamarekani karibu na Cambridge, Uingereza, na jiwe la kumkumbuka limesimamishwa Arlington, ingawa hakuna mwili uliozikwa chini yake.

Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliunda bendi ya Airmen of Note ili kuendeleza kazi aliyoianza. Tamasha zake za hadharani, kama zile za Miller katika mabanda ya ndege, hazina kiingilio.