Aniceti Kitereza: Katekista wa Ukerewe na Riwaya ya Ndoa Iliyorudiwa

Yumkini hakuna mtunzi wa riwaya ya Kiswahili ambaye jina lake hutajwa mara nyingi na kitabu chake kusomwa mara chache kama Aniceti Kitereza. Wanafunzi wa fasihi hulikariri jina hilo pamoja na anwani ndefu ya riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kisha hugeukia upesi kazi za Shaaban Robert na Kezilahabi. Unene wa kitabu huwatisha wengi. Hata hivyo, ndani ya unene huo mna kisa chepesi kusimulika: mume na mke waliotenganishwa na maneno ya watu, na mume akafunga safari kumrudisha mkewe. Aliyekibuni kisa hicho alikuwa na sababu zake mwenyewe za kukiwaza usiku na mchana.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Wasilanga, uliotawala kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Babu yake, Machunda, alikuwa Omukama, yaani mtawala wa kisiwa. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa katika himaya ya Omukama Mukaka. Nasaba hii haina budi kuzingatiwa. Mtoto aliyekulia penye kiti cha mtawala husikia mashauri ya wazee, masimulizi ya vita na njaa, kesi za mahari na za ng'ombe, na lugha ya heshima ambayo mtoto wa kawaida huionja kwa nadra. Haya yote yangekuja kujitokeza katika riwaya yake miaka mingi baadaye.

Wakati huo Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walikuwa wamekwisha kufungua misheni Kagunguli kisiwani humo. Kitereza alipelekwa huko kusoma, akabatizwa kwa jina la Aniceti, na baadaye akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya katika nchi ya Bukoba. Alikaa huko miaka mingi akijifunza Kilatini, falsafa na teolojia. Alimaliza masomo hayo bila kuwa padri. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Anna Katura.

Hapa ndipo maisha yake yanapofungamana na utunzi wake. Watoto ambao Mungu aliwajalia Aniceti na Anna walifariki wote wangali wachanga. Kwa Mkerewe wa enzi hizo, tena wa damu ya watawala, kuishi bila mrithi kulikuwa jambo zito mno. Mila ilimpa mume njia zilizo wazi: kuoa mke wa pili, ama kumrudisha mke kwao na kudai mahari. Ndugu na majirani hawakuhitaji kutamka neno. Ukimya wao ulitosha. Dini aliyoipokea ilimfungia njia hizo zote mbili. Kitereza hakuoa mke mwingine, na hakumwacha Anna. Alizeeka naye.

Baada ya kufanya kazi ya biashara Mwanza, alirejea kisiwani na kutumika chini ya misheni ya Kagunguli kama katekista na msaidizi wa mapadri katika mambo ya lugha. Alikusanya ngano, methali na historia ya Wakerewe. Miongoni mwa mapadri hao alikuwamo Almasi Simard, Mkanada, aliyemhimiza aandike kwa lugha yake mwenyewe ili maisha ya wahenga yasizame pamoja na wazee waliokuwa wakifa. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, na mwaka 1945 akakamilisha mswada. Ikumbukwe kwamba wakati huo riwaya ya Kiswahili yenyewe ilikuwa changa: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilikuwa kimetoka mwaka 1934, nacho ni kitabu chembamba. Kwamba katekista mmoja kisiwani alikuwa ameandika kazi yenye upana wa vizazi viwili, katika lugha isiyokuwa na riwaya hata moja ya kumwongoza, ni jambo ambalo historia ya fasihi ya Afrika Mashariki haijalipa uzito unaostahili.

Riwaya yenyewe inaanzia katika nyumba isiyo na mtoto. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini mimba za mke haziwi watoto, na jamaa za mume wanaanza kumsimanga. Wazazi wake, Namwero na Nkwanzi, wanaposikia jinsi binti yao anavyodhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake katika boma lisilo na moshi wa jikoni. Hatimaye anakwenda ukweni kuomba mkewe arudi. Baba mkwe hamfukuzi, lakini hamrahisishii: anamtoza faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Mwandishi mwingine angeipitia faini hiyo kwa sentensi mbili, lakini Kitereza anakaa nayo. Ndizi zinatafutwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, majirani wanaitwa, mitungi inabebwa njiani. Wahakiki wengine wameiona sehemu hii kuwa elimu ya mila iliyojipenyeza ndani ya hadithi na kuipunguza kasi. Lawama hiyo ina ukweli kiasi, kwani zipo kurasa ambamo mwanahistoria anamshinda mtunzi. Lakini katika suala la mitungi sita lawama haisimami. Toba ya Myombekere haielezwi kwa maneno. Inapimwa kwa jasho. Hawezi kuipika pombe hiyo peke yake, hivyo analazimika kuwaomba watu msaada na kuwaungamia kwa vitendo kwamba anamtaka mke yule yule ambaye jamaa zake walimdharau. Kila mtungi ni hatua moja ya kurudi ukweni. Anayeisoma sehemu hiyo kwa haraka hataelewa kwa nini Bugonoka, anaporudi, anarudi kwa heshima.

Baadaye mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka, naye anazaa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Majina yote mawili yana kumbukumbu ya msiba ndani yake, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za maziwa makuu ambako mtoto aliyezaliwa baada ya vifo hupewa jina linalokitaja kifo bila kukiogopa. Sehemu iliyobaki ya kitabu inafuata malezi na maisha ya watoto hao. Aniceti na Anna hawakuyapata hayo. Si sahihi kusema kwamba riwaya ni tawasifu iliyofichwa, maana Myombekere si Kitereza na ulimwengu wake ni wa kabla ya wageni kufika. Ila ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyezika watoto wake wote aliweza kuandika kuzaliwa kwa Ntulanalwo kwa mkono usiotetemeka.

Jambo moja huwashangaza wasomaji wanaojua kwamba mtunzi alikuwa katekista: kitabuni hamna kanisa, hamna padri, wala hamna mahubiri. Matambiko na uganga vimeelezwa kwa heshima, pasipo kukemewa. Wengine wamehitimisha kwamba Kitereza aliuweka Ukristo wake kando alipoketi kuandika. Hitimisho hilo ni la pupa. Hadithi nzima imesimama juu ya mume anayemfuata mke mmoja na kukataa kuamini kwamba utasa unatosha kuivunja ndoa. Wazo hilo alilitafuta katika mila za babu zake na akalikuta humo, katika faini, katika usuluhishi wa wakwe, katika pombe inayonywewa na pande mbili zilizogombana. Kosa linalobaki ni lingine: kwa sehemu kubwa ya masimulizi, kasoro ya uzazi inachukuliwa kuwa ya mwanamke, na tiba inaelekezwa mwilini mwake. Msomaji wa leo ana haki ya kulalamika, ijapokuwa mtunzi alikuwa mtu wa wakati wake.

Mswada ulingoja. Padri Simard alijaribu kuutafutia njia ng'ambo, akafariki kabla mpango haujatimia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig, aliyekuwa Ukerewe na mkewe Charlotte akitafiti biashara ya masafa marefu ya Wakerewe, alikutana na mzee Kitereza na kuanza kuupigania mswada huo pamoja na mkewe. Wachapishaji waliona pingamizi moja: wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno. Pingamizi hilo si geni kwa mtu yeyote wa Eldoret aliyewahi kuwaza kuandika riwaya kwa Kinandi au Kikeiyo. Jibu la Kitereza lilikuwa kuifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, katika uzee na katika maradhi yaliyomsumbua viungo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, na athari za Kikerewe zinaonekana katika muundo wa sentensi na katika msamiati aliouacha jinsi ulivyo. Wapo wanaozihesabu athari hizo kuwa udhaifu. Zingefaa kuhesabiwa kuwa mchango, kwa sababu zilikiingizia Kiswahili cha maandishi sauti ya bara, ya wakulima na wavuvi wa ziwa, wakati ambapo mizani ya ufasaha ilikuwa bado pwani.

Tanzania Publishing House ilikubali kukitoa kitabu. Kilichapwa China, na kina tarehe ya mwaka 1980. Safari ya nakala kutoka huko hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hadi kisiwani, ilichukua muda. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi.

Tangu hapo kitabu kimesafiri kuliko mtunzi wake. Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani kutoka Kiswahili, katika majuzuu mawili yaliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kifaransa kikafuata. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika hakupitia Kiswahili. Aliurudia mswada wa Kikerewe wa mwaka 1945. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza leo yuko hatua moja tu kutoka kwa maneno ambayo Kitereza aliyaandika Kagunguli, ilhali Mjerumani yuko hatua mbili.