William Playfair: Mskoti aliyeichora biashara

Ninapowafundisha vijana kuchora grafu kwa kompyuta, huanza na mtu aliyezichora kwa mkono. Huyo ni William Playfair, aliyezaliwa Scotland mwaka 1759.

Baba yake alifariki mwaka 1772, akabaki chini ya kaka yake John, mwanahisabati, aliyemzoeza kuandika vipimo vya joto kwa mistari. Mwaka 1777 aliajiriwa kuwa mchoraji wa James Watt, mtengenezaji wa injini za mvuke.

Mwaka 1786 alichapisha kitabu cha grafu za biashara ya Uingereza. Mstari mmoja ulionyesha thamani ya bidhaa zilizoingia, mwingine zilizotoka. Nafasi kati yake ilionyesha ziada au upungufu. Mfanyabiashara wa mpakani angeielewa mara moja.

Kuhusu Scotland alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Hakubuni za miaka mingine. Alichora nguzo za sehemu 17 zilizofanya biashara nayo. Mwaka 1801 akaleta grafu ya duara.

Biashara zake mwenyewe hazikumwendea vizuri. Alifariki London mwaka 1823 akiwa maskini.

Leo programu za takwimu kama R huchora kwa sekunde chache, lakini hata uongo huuchora vizuri. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi: andikeni jina la kila mhimili, kipimo na mwaka. Pasipo na takwimu, pabaki wazi. Ndugu msomaji, hata daftari lako la mauzo lastahili uaminifu huo.