Cajal: Mtukutu aliyechora ubongo

Kama mwalimu amewahi kukuambia hutafika popote, ngoja nikujuze kuhusu Santiago Ramón y Cajal. Jamaa alizaliwa 1852 katika kijiji cha Petilla, Uhispania. Akiwa na miaka 11 aliunda mzinga wake mwenyewe, akalipua lango la jirani, akawekwa ndani. Babake, daktari, alichoka naye. Akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu. Kijana alitaka kuchora tu, na kwa mzee kuchora haikuwa kazi.

Kilichomwokoa ni mifupa. Babake alimpeleka makaburini kuokota mifupa ya watu ili aichore, na hapo ndipo udaktari ulipomwingia.

Mwaka wa 1887 akaonyeshwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi ya kutia seli za ubongo rangi nyeusi kwa kutumia madini ya fedha. Enzi hizo wengi, Golgi mwenyewe akiwemo, waliamini neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal akainamia hadubini, akachora usiku na mchana, na 1888 akasema la: kila seli inajitegemea. Mwaka wa 1906 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel, na Golgi akatumia hotuba yake kumpinga mwenzake hadharani. Hebu fikiria aibu hiyo, tena Stockholm!

Sasa hapa ndipo stori inakuhusu wewe ambaye shosho yako ameanza kusahau jina lako. Katika kazi yake ya 1913 na 1914, Cajal aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima seli za neva hufa tu, hazizaliwi upya. Neno lake likawa kama sheria. Joseph Altman alipoonyesha miaka ya 1960 kwamba panya wakubwa huota seli mpya, wengi walimpuuza. Mwaka wa 1998 zikaripotiwa kwa binadamu, kwenye hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu. Na 2019, watafiti wa Madrid, mji uleule aliofanyia kazi Cajal, wakasema kwa wagonjwa wa Alzheimer seli hizo changa hupungua sana, hata ugonjwa ukiwa ndio unaanza. Kuna wanasayansi ambao bado wanabisha, na ubishi ni mkali.

Kisa kingine ndicho kinaniuma zaidi. Kwenye maabara yake alikuwapo Pío del Río Hortega, ambaye 1919 alitambua maikroglia, yaani askari na wazoa taka wa ubongo. Ndizo seli zinazozingira uchafu wa protini kwenye Alzheimer. Zikikaa zimechemka kwa muda mrefu, uvimbe wake huanza kuumiza hata neva ambazo hazikuwa na shida. Ugunduzi mkubwa hivyo, na mwaka uliofuata Cajal akamfukuza. Fitina za maabara zilikuwepo, sawa, lakini mtu aliyewahi kulipua lango la jirani angemvumilia mbishi mwenzake.

Cajal alifariki Madrid mnamo Oktoba 1934. Michoro yake bado imo kwenye vitabu vya wanafunzi wa udaktari.