Sol Plaatje na Sheria Iliyokausha Maziwa

Solomon Plaatje alizaliwa mwaka 1876 katika Orange Free State, nchi ya Makaburu, akasomea shule ya misheni ya Pniel. Alipata kuwa mpeleka simu wa posta, mkalimani wa mahakama, kisha mhariri wa magazeti ya Kitswana. Mwaka 1912 wazalendo wa Afrika Kusini walipounda chama kilichokuja kuitwa ANC, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza.

Tarehe 19 Juni, 1913, Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ilianza kutumika. Waafrika, ambao ndio wengi, walibakiziwa asilimia 7 hivi ya ardhi. Free State ndiko ilikouma zaidi. Huko Mwafrika asiye na shamba alizoea kupeleka ng'ombe wake, plau yake na mbegu zake katika shamba la Kaburu, akalima, na mavuno wakagawana nusu kwa nusu. Nusu ile ndiyo iliyojaza ghala lake. Na ng'ombe walipopata malisho, watoto walipata maziwa. Sheria ikapiga marufuku ubia huo. Mkulima akatakiwa kuchagua: ama awe kibarua, yeye na ng'ombe wake, ama ahame.

Plaatje alipanda baiskeli akaenda kujionea mwenyewe. Ilikuwa majira ya baridi. Alikuta jamaa nzima njiani pamoja na mifugo yao, hawana pa kulisha wala pa kulala, na wanyama wakifa. Aliandika habari za mtoto mchanga aliyefia safarini, ambaye wazazi walimzika usiku kwa siri, maana hawakuwa na haki hata ya kipande cha kaburi.

Wako wataalamu mpaka leo ambao wakiona mtoto amekonda humlaumu kwanza mama, kwamba hajui mapishi. Akina mama wale wa Free State walijua sana kupika. Walichonyang'anywa ni cha kutia chunguni.

Mwaka 1914 alikwenda London pamoja na wajumbe wenzake. Serikali ya Uingereza haikuwapa kitu. Alibaki huko akaandika kitabu juu ya sheria hiyo, kikatoka mwaka 1916. Baadaye alifasiri Shakespeare kwa Kitswana, kazi ambayo Mwalimu Nyerere naye aliifanya kwa Kiswahili.

Plaatje alifariki tarehe 19 Juni, 1932, siku ambayo sheria ile ilitimiza miaka 19. Haikufutwa hadi mwaka 1991.