Isaya Mukirania: Mwalimu aliyedai usawa Rwenzori

Isaya Mukirania, mwalimu wa shule ya msingi na mjumbe wa baraza la Toro, aliongoza Wakonzo na Waamba kudai watambuliwe sawa na Watoro. Dai lilipokataliwa mwaka 1962, walisusia baraza, naye akatangaza Rwenzururu kuwa nchi huru.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alionya kuwa mapatano yanayoficha chanzo cha vita vijavyo si amani. Uganda ilipata uhuru dai hilo likiwa halijatatuliwa.

Mukirania alifariki mwaka 1966, mapigano yakiendelea. Mwanawe, Charles Mumbere, aliweka silaha chini mwaka 1982. Ufalme ukatambuliwa rasmi mwaka 2009. Damu ilimwagika tena Kasese mwaka 2016, na kutoka mjini humo hadi Bwera, swali la Mukirania lingali hai.